Mkufunzi wangu wa urubani amekataa niende Eldoret peke yangu. Nimtafute mwingine?

Mwalimu,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nina umri wa miaka 22, nasomea urubani, na katika kundi letu msichana ni mimi peke yangu. Kuruka peke yangu kuzunguka uwanja nimeshafanya, nikatua salama, na siku ile Mama alilia kwa furaha. Baada ya hapo huja safari za mbali. Kwanza unakwenda na mkufunzi, naye akiridhika anatia sahihi uende mwenyewe. Hapo ndipo nimekwama.

Mwezi uliopita tulipangiwa kwenda Eldoret na kurudi kwa Cessna 172. Tulikuwa tuondoke saa mbili asubuhi, lakini ndege ilichelewa kwa mafundi tukaruka saa tano ikikaribia. Mstari nilikuwa nimeuchora kwenye ramani, nyakati nimeziandika, hesabu ya mafuta nimepiga. Tableti nilikuwa nayo pia, na kusema kweli ndiyo niliyokuwa nikiitazama. Tulipoipita Kibos mkufunzi aliichukua, akaizima, akaiweka nyuma ya kiti. Akasema, "Betri imekwisha. Endelea."

Niliona lami chini, nikajua ni ile ya kwenda Kapsabet, nikaifuata. Baada ya muda ukatokea mji. Akaniuliza tuko wapi, nikamjibu Kapsabet. Akauliza msitu wa Kakamega uko upande gani wetu. Nikatazama, nikauona mkono wa kulia. Aliponiuliza tena tuko wapi nikasema tumekaribia Kapsabet. Kumbe ule ulikuwa mji wa Kakamega.

Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kuinuka upande wa Nandi. Akataka kujua ningefanya nini kama ningekuwa peke yangu. Nikasema ningeendelea, maana Eldoret haikuwa mbali na katikati ya mawingu kulikuwa bado na nafasi. Mwalimu, sitakuficha, nilikuwa nawaza pesa. Saa moja ya ndege ni maelfu ya shilingi, na nikirudi bila kufika ni kama zimemwagwa ziwani. Yeye akachukua usukani tukarudi Kisumu. Hakunifokea. Aliandika tu kwamba safari irudiwe pamoja naye kabla sijaruhusiwa kwenda peke yangu. Mvulana mmoja tuliyeanza naye, mwenye saa chache kuliko zangu, ameshatiwa sahihi.

Mama anauza nafaka soko la Kibuye. Karo yangu ilitokana na mchango aliouitisha Mjomba kule Vihiga, pamoja na kipande cha shamba kilichouzwa. Mjomba hupiga simu kila Jumapili. Aliponiuliza kama nimeshafika Eldoret peke yangu nilimwambia ndiyo. Akatangaza kanisani. Sasa anataka picha.

Mwenzangu ananiambia yuko mkufunzi mwingine asiye na maneno mengi, ukienda naye mara moja anatia sahihi. Nihamie kwake? Na huyu wa sasa, je, ananionea kwa sababu mimi ni msichana? Mjomba nitamwambia nini?

Aliyekwama, Kisumu

*

Binti yangu,

Barua yako ina sentensi uliyoipita mbio, nami nimeshindwa kuipita. Ulipoulizwa mara ya pili mko wapi, msitu ukiwa mkono wa kulia na wewe umeuona kwa macho yako, ulijibu kwamba mmekaribia Kapsabet.

Kupotea hakunitii wasiwasi. Mwanafunzi aliyenyang'anywa tableti angani akapoteza njia yuko mahali anapotakiwa kuwa, kwa sababu safari ile ipo ili apotee akiwa na mtu kando yake. Jibu lako la kwanza lilikuwa kosa la kawaida. La pili ulilitoa ukiwa tayari na shaka. Nadhani mkufunzi wako alikusikia hivyo hivyo, na ndiyo maana hakukufokea. Aliuliza tena akikupa nafasi ya kusema hujui, na wewe ukaiacha ipite.

Kwa hiyo swali la kuhama nalijibu mapema: usihame. Kwa kanuni za urubani, mwanafunzi haruki peke yake ila kwa usimamizi au idhini ya mkufunzi aliyeidhinishwa. Anayetia sahihi anasema kwa jina lake kwamba amekuona ukifanya kazi hii na anaamini utaifanya bila yeye. Sahihi ya mtu ambaye hajakuona ukipotea na kujitafuta haikusaidii kitu ukiwa juu ya Nandi na kiti cha pembeni ni kitupu. Na huyo anayesifiwa kwa kutokuwa na maneno mengi, jiulize ni maneno gani hasa ambayo hayasemi.

Sasa tuirudie ile lami, kwa sababu kilichotokea kina maelezo. Barabara uliyoifuata ni ya Kakamega. Inatoka Kisumu, inapanda Kiboswa, inafika Chavakali, na pale ndipo nyingine inapochepuka mashariki kuelekea Kapsabet. Kutoka juu, njia panda ya Chavakali ni rahisi kuikosa katikati ya mashamba madogo madogo na mabati yasiyoisha ya Vihiga. Ukishaikosa, lami inakupeleka kaskazini, nawe unaona unaendelea vizuri kwa sababu chini yako ipo barabara. Lakini dira ilikuwa inakwambia. Uwanja wa Eldoret uko kaskazini-mashariki ya Kisumu, kama nyuzi 46 hivi. Kakamega iko karibu kaskazini kabisa. Tofauti ya nyuzi 40 haihitaji tableti.

Saa nayo ilikuwa inakwambia. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Eldoret kwa mstari ulionyooka ni kama maili 42 za baharini. Kwa mwendo wa maili 90 kwa saa, bila kuhesabu upepo, hizo ni dakika 28. Mji wa Kapsabet usingetokea kabla ya dakika 18 au 19, na tena ungekuwa kidogo mkono wa kulia wa mstari wako, msitu ukiwa kushoto. Kakamega ni kama dakika 15 tu kutoka Kisumu. Kama uliandika dakika uliyoondoka, karatasi iliyokuwa pajani mwako ilikuwa inajua kwamba ule si Kapsabet kabla wewe hujatazama dirishani.

Wanaofundisha kusafiri kwa ramani wana utaratibu wa zamani: anza na saa, nenda kwenye ramani, ndipo utazame ardhi. Saa inasema tumeruka dakika 12. Ramani inasema dakika 12 ni hapa, kwa hiyo kushoto nitaona msitu na mbele nitaona mteremko wa Nandi. Kisha ndipo unatazama nje kutafuta vitu hivyo kwa majina. Wewe ulianza na ardhi. Uliona mji, ukaupa jina ulilolihitaji. Macho yenye haja ya kuiona Kapsabet yataiona popote penye mabati na mnara wa simu, na hilo ni la binadamu wote, marubani wakongwe wakiwemo. Dawa yake ni kutafuta kitu kinachoweza kukukanusha. Mkufunzi alikutafutia, akauliza msitu uko wapi. Utakapokuwa peke yako swali hilo utajiuliza mwenyewe: nikiwa nimekosea, ni nini nisichopaswa kukiona hapa?

Ukigundua umepotea, sema. Sema kwa sauti hata kama ndani ya ndege hakuna mwingine: sijui niko wapi. Andika dakika. Usianze kuzunguka ukitafuta tafuta, shika uelekeo mmoja unaoujua. Kama hakuna wingu juu yako, panda, maana ukiwa juu zaidi unaona mbali na redio inafika mbali. Tazama mafuta yaliyobaki ni ya muda gani. Kisha waite waongozaji wa ndege wa Kisumu, uwaambie wewe ni mwanafunzi na hujui ulipo. Wakikosekana kwenye masafa yao ipo 121.5, masafa ya dharura. Hakuna mwongozaji anayemcheka mwanafunzi aliyeita mapema. Wanachokiogopa ni yule anayenyamaza hadi mafuta yaishe.

Kanda yetu isitoshe ina alama ambayo wanafunzi wa mahali pengine wangeitamani. Ungekuwa juu ya Kakamega hali ya hewa ikiwa safi, ungegeuka kusini ukaweka mteremko wa Nandi mkono wa kushoto. Muda si mrefu Ghuba ya Winam ingejitandaza mbele yako, na Kisumu iko kwenye pembe yake ya kaskazini-mashariki, uwanja wa ndege ukiwa ufukweni hapo. Ziwa halihami. Kabla ya kuruka tena, hakikisha kwenye ramani kwamba kutoka kila kituo cha mstari wako unaijua njia ya kurudi majini.

Hilo la pili, la kuendelea huku mawingu yanainuka, limenitisha kuliko kupotea, na sitalizungukazunguka.

Wewe umekulia Kisumu, mambo ya mvua ya alasiri unayajua kwa ngozi. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda unageuka, hewa yenye unyevu inasukumwa kutoka ziwani kuelekea Kano na Vihiga, inaugonga mteremko wa Nandi na kulazimika kupanda. Huko juu inakutana na pepo za mashariki. Ndiyo maana Kakamega, Nandi na Kericho zina ngurumo nyingi kiasi kile, na ndiyo maana wakulima wa chai wa Kericho wanaijua mvua ya mawe kama jirani. Mawingu uliyoyaona saa tano na kitu yakiwa machanga, saa nane yangekuwa minara. Na zile nafasi zilizokupa moyo hufungika, mara nyingi kwanza nyuma yako, usikotazama.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Uwanja wa Kisumu uko futi 3,700 na ushei juu ya usawa wa bahari. Eldoret ni karibu futi 7,000. Wingu ambalo tumbo lake liko futi 8,500, ukilitazama kutoka Kano unaona una nafasi ya karibu futi 5,000 chini yake na moyo unatulia. Wingu hilo hilo likiwa juu ya Eldoret limekuachia futi 1,500 tu. Hukushuka, wala wingu halikushuka: sakafu ndiyo iliyopanda kukufuata darini. Rubani asiye na idhini ya kuruka kwa kutegemea vipimo tu, bila kuona nje, akiingia wingu pale, na vilima viko pale pale, hana muda mrefu wa kujifunza.

Na ungefika Eldoret, ungekuta hewa nyepesi. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda, kwa hiyo pale juu karibu moja ya tano ya nguvu zake za usawa wa bahari haipo. Wakati wa kutua, ukishika mwendo ule ule kwenye kipimo, ardhi inapita chini kwa kasi kubwa kuliko Kisumu. Wanafunzi wengi hudhani wamezidisha mwendo, wanavuta pua juu, na ndege inaishiwa mwendo kabla ya wakati. Amini kipimo, na umwombe mkufunzi mfanye kutua kadhaa pale kabla hujaachwa. Barabara ya kurukia na kutua ya Eldoret ni ndefu, inakusamehe mengi. Kitale haitakusamehe kiasi hicho.

Sasa pesa. Najua nafaka ya Kibuye inapimwa kwa gorogoro, na najua kila gorogoro Mama yako alilolipima limo kwenye saa zako za ndege. Siwezi kukuambia usiwaze pesa. Ninachokuomba ni uwaze pesa ukiwa bado chini. Saa tano ilipokaribia na ndege ndiyo kwanza inatoka kwa mafundi, ungeweza kumwambia mkufunzi kwamba kwa hesabu yako mtakuwa mnarudi wakati wa mawingu na unaomba siku nyingine. Huenda alikuwa anasubiri uyaseme hayo. Kuahirisha ukiwa chini kunakugharimu nauli ya kurudi nyumbani. Hewani mita inahesabu, na hasara uliyoiona ukigeuka nusu ya njia ndiyo inayowasukuma watu mbele hadi kusikogeuzika.

Ziko njia za kujifunza zisizolipiwa kwa saa. Tandaza ramani sakafuni, shika saa, iruke safari yote kwa mdomo kuanzia kuwasha injini, ukitaja kila dakika unachotarajia kukiona kushoto na kulia. Cessna 172 ina viti vinne. Mwombe mkufunzi ukae nyuma mwenzako atakaporuka naye, ukiwa na ramani yako na kalamu, chuo kikiruhusu. Panda matatu siku moja hadi Chavakali uitazame ile njia panda kwa miguu yako, uone barabara zinavyoachana na kila moja inaelekea wapi kwa dira ya simu yako. Nakuhakikishia hutaikosa tena.

Kuhusu kuonewa kwa sababu wewe ni msichana: sitakuambia haiwezekani. Wanawake wengi katika kazi hii wamepimwa kwa kipimo kingine, na wewe ndiye uliyekaa ndani ya ile ndege, mimi sikuwepo. Lakini katika uliyoniandikia sijaliona. Alikunyang'anya tableti, akakuuliza swali lenye jibu dirishani, akageuza ndege kwa sababu ya wingu. Hayo angemfanyia yeyote anayemtakia maisha. Njia ya kujua ni kumwendea, mkae mezani, umwambie: "Mwalimu, naomba uniandikie unachotaka kukiona nikikifanya ili utie sahihi." Akiandika mambo ambayo mtu anaweza kuyapima, kama kutaja ulipo kila baada ya dakika kadhaa bila tableti, kuchagua uwanja wa akiba, kuamua kurudi, basi una kazi ya kufanya na mwisho wake unaonekana. Akikataa kuandika, au akaandika maneno ya kuelea kama "hujawa tayari", au ukajua kwa hakika kwamba wavulana hawakudaiwa hayo, mpeleke kwa mkuu wa mafunzo ukiwa na daftari lako mkononi. Wakati huo ukiomba mkufunzi mwingine nitakuunga mkono, mradi usiombe yule wa sahihi za haraka. Saa za yule kijana ziache. Hujui yeye aliulizwa nini juu ya Chavakali, na alijibu nini.

Tumefika kwa Mjomba. Ulimwambia umefika Eldoret peke yako na hujafika. Ukilisoma vizuri, hilo ni lile lile jibu la Kapsabet, umelitoa kwa simu. Siku moja mtu atamtumia nauli aje uwanjani, au atamuuliza mkufunzi wako kitu mbele ya watu, na aliyeuza shamba atayajua kwa mdomo wa mgeni. Mwambie kabla ya hapo.

Anza na Mama, jioni akishafunga biashara, usimwambie kwa simu. Yeye atakusaidia kumjua Mjomba yuko katika hali gani. Kisha piga simu wewe, katikati ya wiki, usingoje Jumapili akiwa na watu. "Mjomba, shikamoo. Nilikuambia nimefika Eldoret peke yangu. Sijafika. Nilirudishwa njiani nikiwa na mkufunzi kwa sababu nilipotea na mawingu yalikuwa yanakuja, na nikaona aibu kukwambia. Nitairudia safari hiyo." Unyamaze hapo. Atakasirika, na ana haki. Usimjazie maelezo ya ndege, na usimlaumu mkufunzi wala mafundi. La kanisani mwachie mwenyewe, yeye ndiye anayejua namna ya kulirekebisha mbele ya watu wake. Akiuliza lini sasa, usimpe tarehe. Mwambie hali ya hewa ikiruhusu na mkufunzi akiridhika, na kwamba Mama atapigiwa simu ukishatua Kisumu, wala si kabla.

Mweleze pia kwamba Eldoret si mwisho, asije akadhani leseni inakungoja pale. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani binafsi inahitaji angalau saa 5 za safari za mbali ukiwa peke yako, na mojawapo iwe ya kilomita 270, ambazo kiwango chenyewe kinazihesabu kuwa maili 150 za baharini, ukitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wanafunzi wa huku huitazama haraka pembetatu ya Kisumu, Kitale na Eldoret. Nimeipima, inakuja kama maili 145. Chukua rula uipime mwenyewe kwenye ramani yako, kisha umuulize mkufunzi zile zilizopungua mtaziongezea upande gani.